Dipoziti ya udahili ilipwe haraka, posho ya GA haitoshi: nani hasa anaamua haya vyuoni Marekani?

#1 KibahaKwetu
Wakuu, habari za jioni. Nimepata udahili wa masters kwenye chuo kimoja cha serikali Marekani, masomo yanaanza Agosti hii ya 2025. Barua ya idara inasema nimepewa nafasi ya GA (Graduate Assistant, mwanafunzi wa uzamili anayelipwa posho kwa kufundisha au kusaidia utafiti): saa 20 kwa wiki, miezi tisa, dola 18,000, ada imesamehewa. Nilifurahi sana. Haikupita wiki, ofisi ya udahili nayo ikaniandikia nilipe dipoziti ya dola 300, hairudishwi, na nisipolipa kwa wakati nafasi inaenda kwa mwingine.

Kama ada imesamehewa, dipoziti ni ya nini? Na hiyo 18,000 ukiigawa kwa miezi 12 ni 1,500 kwa mwezi, kabla ya kodi ya serikali, bima na chumba. Nilipouliza nikajibiwa viwango vyote viwili "vimepitishwa na bodi". Bodi hiyo ni akina nani, na wanapima kwa kigezo gani? Wenye uzoefu karibuni.

#2 Mzee wa Tozo
Biashara hiyo mkuu. Wanalipa kumi, wanne hawaendi, chuo kinabaki na chao. Usitafute maelezo marefu.

#3 Mama Amani
Mzee wa Tozo, hapana. Nimesoma PhD huko na nikafanya kazi kwenye ofisi ya wanafunzi wa uzamili, nimeona namna mambo yanavyoenda. Hata wanafunzi wapya 2,000 wakilipa 300 kila mmoja, ni dola 600,000. Kwa chuo chenye bajeti ya mabilioni hiyo haiendeshi kitu.

Dipoziti inamsaidia mkuu wa udahili kujua nani anakuja kweli. Mwanafunzi mmoja anaomba vyuo sita, anakubaliwa vinne, na vyote vinne vinamhesabu. Idara inatakiwa ijue itafungua madarasa mangapi ya mwaka wa kwanza na itahitaji GA wangapi wa kuyafundisha. Anayelipa ana uwezekano mkubwa wa kufika kuliko aliyebonyeza tu "nakubali".

KibahaKwetu, kwa kawaida dipoziti inaingizwa kwenye akaunti yako ya mwanafunzi, inapunguza deni la muhula wa kwanza. Kama ada imefutwa yote, itakula tozo nyingine. Lakini usilipe bado. Iandikie idara, sio udahili, uwaulize kama GA wanasamehewa dipoziti. Baadhi ya vyuo vina utaratibu huo na hawautangazi.

#4 Ngosha Original
Aisee Mama Amani umeshusha nondo. Naongezea: Marekani kuna sheria inayokataza chuo kukulazimisha ujibu kabla ya Aprili 15. Wakikubana wataje hiyo sheria.

#5 Mama Amani
Ngosha mdogo wangu, siyo sheria. Ni azimio la Council of Graduate Schools, umoja wa vyuo vyenye masomo ya uzamili, vyuo vinalisaini kwa hiari. Linasema mwanafunzi halazimiki kujibu ofa ya ufadhili kabla ya Aprili 15, na hata kama ulishakubali mapema unaweza kujitoa kwa maandishi hadi siku hiyo. Linahusu ufadhili: fellowship, assistantship na jamii hiyo. Udahili usio na pesa haumo, kwa hiyo ofisi ya udahili inaweza kuweka tarehe yake.

KibahaKwetu barua yako ina ofa ya GA, kwa hiyo linakuhusu, kama chuo chako kimo kwenye orodha ya waliosaini. Iko wazi kwenye tovuti ya Council.

#6 Ngosha Original
Sawa dada, nimeelewa. Na ile Mei 1 ninayoisikia?

#7 Otieno_K
Mei 1 ni ya undergraduate. Ndiyo tarehe ya kimila ya kulipa dipoziti ya shahada ya kwanza. 2024 vyuo vingi viliisogeza hadi Mei 15 au Juni 1 kwa sababu fomu mpya ya FAFSA, ya kuombea msaada wa masomo wa serikali, ilichelewa na familia hazikujua zitapata msaada kiasi gani. Ina maana tarehe hizi zinasogezeka wakitaka. Wakiambiwa na Mkenya mwenye viza ya Julai wanasema haiwezekani.

Halafu kuna jambo la 2019 watu wengi hawalijui. Chama cha maofisa udahili, NACAC, kilikuwa na kanuni inayozuia chuo kumfuata mwanafunzi aliyeshalipa dipoziti kwingine. Wizara ya Sheria ya Marekani ikasema kanuni hiyo inaua ushindani, NACAC wakaifuta. Tangu hapo chuo B kinaweza kukupigia simu Juni na kukuongezea ufadhili ilhali umeshalipa chuo A. Kwa hiyo ile hoja ya Mama Amani kwamba dipoziti inaonyesha nani anakuja imepungua nguvu.

#8 Mzee wa Tozo
Otieno hapo umenisaidia. Kama haiwaambii nani anakuja, basi imebaki pesa. Narudi kwenye #2 yangu.

#9 Mama Amani
Imepungua nguvu, haijaisha. Na kanuni ile ilikuwa ya shahada ya kwanza.

#10 Wakili wa Tabata
Nijibu swali la msingi la mleta uzi, maana naona limeachwa: bodi ni akina nani?

Inategemea jimbo. California, University of California inaongozwa na Regents 26. 18 kati yao wanateuliwa na gavana kwa muhula wa miaka 12, na yupo mmoja mwanafunzi. Michigan ni tofauti kabisa: regents nane wa University of Michigan wanachaguliwa na wananchi wa jimbo zima, wana vyama, majina yao yako kwenye karatasi ya kura ya Novemba. Vyuo binafsi vina wadhamini wanaochaguana wenyewe, wengi ni wahitimu matajiri na watu wa fedha.

Bodi haikai kujadili dola 300 za KibahaKwetu. Inaletewa jedwali zima la ada na tozo, kurasa nyingi, limeandaliwa na menejimenti, linapitishwa kwa mkupuo. Dipoziti ni mstari mmoja mle ndani. Posho ya GA mara nyingi hata haimo: bodi inapitisha bajeti, chuo kinaweka kima cha chini, kisha kila idara inalipa inavyoweza juu ya hapo. Ndiyo maana GA wa uhandisi na GA wa historia, chuo kimoja, saa 20 zilezile, wanalipwa tofauti. Kwa hiyo kauli ya "imepitishwa na bodi" ni kweli, ila haikwambii nani aliandika namba.

Linganisheni na kwetu. UDSM kuna Baraza la Chuo na wanafunzi wana wawakilishi mle, lakini mshahara wa Tutorial Assistant hauamuliwi hapo. Uko kwenye ngazi za serikali, PUTS 1, chuo hakiwezi kuamka asubuhi kikaongeza.

#11 SautiYaGA
Wakili umeeleza vizuri muundo, lakini umeruka kinachosogeza namba. Kinachosogeza ni chama cha wafanyakazi.

Novemba 14, 2022, wafanyakazi 48,000 wa kitaaluma wa University of California waligoma, wakiwemo TA (wasaidizi wa kufundisha), wasaidizi wa utafiti na postdoc (watafiti waliomaliza PhD). Wengine walirudi mapema, TA na wasaidizi wa utafiti walikaa nje hadi siku mbili kabla ya Krismasi. Kima cha TA wa nusu muda kilikuwa kama dola 23,000 kwa miezi tisa. Mkataba ukakipeleka hadi kama 34,000 ilipofika Oktoba 2024. Regents ni walewale, bajeti ya jimbo ni ileile, mabadiliko yaliletwa na mgomo.

Mimi niko chuo ambacho hakina chama. Nilipewa ongezeko, na muhula uleule tozo za lazima zikapanda. Nilikaa na hati ya mshahara mkono mmoja na bili ya chuo mkono mwingine: tozo ya teknolojia, tozo ya ukumbi wa mazoezi, tozo ya usafiri, tozo ya mwanafunzi wa kigeni. Hizo zote haziguswi na msamaha wa ada. Ongezeko lilikuwa limeliwa karibu lote.

#12 Mzee wa Tozo
Mmeona sasa? Tozo! Jina langu sikulipewa bure.

#13 Wakili wa Tabata
SautiYaGA, nakubali kwa California. Lakini angalia Princeton. Mwaka 2022 walipandisha posho za PhD kwa wastani wa asilimia 25, hadi karibu dola 40,000, na hakukuwa na mkataba wa chama. Mei 2024 wanafunzi wenyewe walipiga kura wakakataa chama. Pale kilichosukuma ni ushindani na hazina kubwa ya chuo: hawataki mwanafunzi aende Yale au Stanford.

#14 SautiYaGA
Princeton walipandisha wakati wenzao wote wa jirani wanaandikisha vyama. Mwenye nyumba akiona nyumba ya pili inawaka, anamwaga maji kwake.

Na uamuzi wa 2016 wa NLRB, bodi ya serikali kuu ya mahusiano ya kazi, kwenye kesi ya Columbia ndio uliofungua mlango: wasaidizi wa kufundisha na utafiti wa vyuo binafsi ni wafanyakazi, wana haki ya kuunda chama. Baada ya hapo kila chuo binafsi kinajua kinaweza kuamkia uchaguzi wa chama.

#15 Ngosha Original
Kwa hiyo KibahaKwetu aulize kwanza kama kuna chama?

#16 Wakili wa Tabata
Aulize, lakini chuo chake ni cha serikali, na NLRB haigusi vyuo vya serikali. Hivyo vinafuata sheria ya jimbo. North Carolina, kwa mfano, sheria inakataza kabisa mikataba ya pamoja kwa watumishi wa umma. Michigan na California inaruhusiwa. GA wawili wanafanya kazi ileile, mmoja ana mkataba wenye kurasa za haki zake, mwenzake ana barua ya ukurasa mmoja.

#17 Otieno_K
Na chama nacho si kinga ya kila kitu. Temple, Philadelphia, mwanzoni mwa 2023 GA waligoma, chuo kikawaondolea waliogoma msamaha wa ada na bima ya afya. Ukiwa na F-1, viza ya mwanafunzi, unaambiwa ghafla una bili ya ada ya maelfu ya dola. Usipoilipa unazuiwa kujisajili, na usiposajiliwa viza yako iko hatarini. Mmarekani anaweza kupumzika muhula mmoja akafanye kazi dukani. Wewe huwezi: F-1 kazi ni ndani ya chuo, saa 20 muhula ukiendelea.

Hili ndilo linaloniuma zaidi katika mjadala wote. Mtu ambaye hana njia nyingine ya kupata shilingi ndiye anayepewa posho isiyotosha, na anayeipitisha anajua sheria hiyo ya viza vizuri kabisa.

#18 Binti Makame
Assalaam alaykum. Niko Leeds. Huku posho ya PhD ya serikali inapangwa na UKRI, shirika la serikali la kufadhili utafiti, kwa nchi nzima: 2024/25 ni pauni 19,237, na 2025/26 inapanda kuwa 20,780, haikatwi kodi. Hakuna cha historia na uhandisi, kima cha chini ni kimoja. Lakini nafasi za wageni zimewekewa kikomo, asilimia 30.

Kuhusu dipoziti, Uingereza ndiyo mtaumia. Kwa masters ya kujilipia vyuo vingi vinataka maelfu ya pauni kabla ya kukupa CAS (uthibitisho wa udahili), na bila CAS huombi viza. Chuo nilichoanza nacho, si hiki nilichopo, walinishikia dipoziti kwa muda mrefu baada ya mimi kujitoa, kila barua wananijibu "tunashughulikia". Soma kipengele cha kurudishiwa pesa KABLA hujalipa. Wengi wanarudisha ukinyimwa viza ikiwa hukudanganya kwenye nyaraka, ila wanakata gharama ya ofisi.

#19 Urundi_Moja
Wakuu swali dogo. Niko Bujumbura. Mtu akinyimwa viza ya Marekani, dipoziti inarudi?

#20 Mama Amani
Urundi_Moja, hakuna jibu moja, ni kanuni ya kila chuo. Wengine hawarudishi lakini wanakubali kuihamishia muhula unaofuata. Waandikie waulize hivi: "nikinyimwa viza na kuonyesha barua ya ubalozi, mtarudisha?" Jibu la barua pepe litunze. Gharama ambazo hakika hazirudi ni SEVIS (ada ya mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni) dola 350 na maombi ya viza dola 185. Hizo peke yake ni 535, na mtu wa kwetu anazitoa kabla hajapata senti ya posho.

#21 Otieno_K
Na ukilipa dipoziti kwa njia ya benki, angalia. Nilituma TT (uhamisho wa benki kwenda nje), benki ya katikati ikakata chake, ikafika pungufu kwa dola chache, mfumo ukasoma "hajalipa". Ikabidi nipige simu usiku wa manane kwa tofauti ya saa. Wakenya tumieni M-Pesa GlobalPay au kadi, inafika kamili.

#22 Mzee wa Tozo
Otieno umekatwa dola chache ukapiga simu Marekani, ya simu ilikuwa shilingi ngapi?

#23 Otieno_K
Nilipiga kwa intaneti mzee, usinitafute 😀

#24 Mchumi_Morogoro
Nimesoma uzi wote. Naona hamjagusa hesabu ya ada iliyosamehewa. Chuo kinapotetea posho kinasema: "tunamlipa GA dola 45,000", maana kinajumlisha msamaha wa ada, bima na posho. Mle ndani pesa ambayo GA anaishika ni 18,000. Hiyo 27,000 nyingine inatoka mfuko mmoja wa chuo kuingia mwingine. Mtu wa PhD aliyemaliza kozi, anayeandika tasnifu tu, ada yake ni ya nini hasa? Lakini kwenye vitabu inaonekana analipwa vizuri.

Sisemi ni uongo. Ada ina thamani, na 2017 bunge lao lilipotaka kuitoza kodi ile ada iliyosamehewa, wanafunzi walipiga kelele nchi nzima na kipengele kikaondolewa. Nasema bodi ikiletewa jedwali lenye 45,000, haioni tatizo. Ikiletewa 18,000 pamoja na bei ya vyumba ya mji ule, italiona. Anayeandaa jedwali ndiye anayeamua. Vyama vingi siku hizi vinakwenda mezani na kikokotoo cha gharama za maisha cha MIT, kinaonyesha kaunti kwa kaunti mtu mmoja anahitaji kiasi gani.

#25 Wakili wa Tabata
Mchumi hapa nakupa maua yako.

#26 Ngosha Original
Nje ya mada kidogo: hivi TA wa kwetu (Tutorial Assistant) GPA bado ni 3.8? Mdogo wangu ana 3.7 analia.

#27 Mchumi_Morogoro
Bado ni 3.8 kwa matangazo ninayoyaona, na masters 4.0 kwa Assistant Lecturer. Mwambie 3.7 kwa Marekani haimzuii. Wanaangalia barua za walimu na maelezo yake ya utafiti. Ila TA wa kwetu ni mwajiriwa wa kudumu, ana mfuko wa pensheni, anasomeshwa akiwa kazini. GA ni mwanafunzi wa mkataba wa miezi tisa. Watu wanayachanganya kwa sababu ya jina.

#28 KibahaKwetu
Wakuu nawashukuru sana. Nimeiandikia idara kama Mama Amani alivyoelekeza. Mratibu amejibu kwamba GA wanasamehewa dipoziti, niwapelekee udahili namba ya barua yangu. Ina maana nisingeuliza ningelipa.

Kwenye posho amesema hawezi kubadilisha, ila miezi tisa inaweza kugawanywa kwa malipo 12 nikijaza fomu. Na tozo za lazima ni kama dola 900 kwa muhula, hazimo kwenye msamaha. Kwa hiyo 18,000 ni 16,200 kabla sijanunua hata sufuria.

#29 SautiYaGA
Usigawanye kwa 12 bila kufikiri. Ukigawa, mwezi wa kwanza unapokea kidogo wakati ndio una gharama kubwa: dipoziti ya chumba, godoro, koti. Na malipo ya kwanza mara nyingi yanakuja mwishoni mwa Septemba ilhali umefika Agosti. Beba pesa ya wiki sita mfukoni.

#30 Mama Amani
Mimi nashauri agawanye. Kiangazi hakina GA kwa wengi, na F-1 hawezi kwenda kufanya kazi mtaani. Nimeona watu wanafika Mei hawana kitu.

#31 Urundi_Moja
Na ofa yenyewe ina uhakika? Nasikia mwaka huu vyuo vinafuta.

#32 Mchumi_Morogoro
Baadhi, ndiyo. Februari hii ya 2025 serikali yao ilitangaza kushusha gharama za uendeshaji ambazo NIH, taasisi ya serikali ya utafiti wa afya, inalipa juu ya ruzuku za utafiti hadi asilimia 15, na hata kabla mahakama haijaamua, vyuo vilianza kujikunja. UMass Chan Medical School ilifuta ofa za PhD za sayansi ya tiba Machi. Vingine vimepunguza idadi kimyakimya. Zinazotegemea ruzuku ya profesa ziko hatarini zaidi kuliko GA wa kufundisha, maana madarasa ya mwaka wa kwanza lazima yafundishwe na mtu.

#33 Mzee wa Tozo
Hapa nauliza bila utani. Mwanafunzi akijitoa, dipoziti yake hairudi. Chuo kikijitoa, kinamlipa nini?

#34 Wakili wa Tabata
Swali zito. Azimio la Aprili 15 linatarajia pande zote mbili ziheshimu ofa iliyokubaliwa. Lakini barua nyingi za GA zina sentensi kwamba malipo yanategemea upatikanaji wa fedha. KibahaKwetu iangalie yako, kwa kawaida iko aya ya mwisho.

#35 KibahaKwetu
Ipo. "Kutegemea bajeti itakayoidhinishwa na bodi."

#36 SautiYaGA
Waulize bajeti hiyo inapitishwa lini. Vyuo vingi vya serikali mwaka wa fedha unaanza Julai 1, kwa hiyo bodi inakaa Juni, baada ya wewe kukata tiketi. Vikao vya bodi za vyuo vya umma viko wazi kwa sheria, ajenda inawekwa mtandaoni, na vingi vinarushwa moja kwa moja. Fuatilia hicho kikao hata kama ni saa saba usiku kwa saa za Dar.

#37 Mama Amani
Na kabla ya kikao muulize mratibu idara imewahi kumnyima GA posho baada ya kumwandikia barua. Wanaidara wanajua historia yao kuliko bodi.

#38 Wakili wa Tabata
Sikubaliani na dada hapo. Idara inajua ya nyuma. Ya mwaka huu iko mikononi mwa wabunge wa jimbo na Washington, mratibu hana anachokijua zaidi yetu.

#39 Mama Amani
Mwanasheria, mratibu ndiye aliyemsamehe dipoziti.